Jinsi ya kuchagua muvi ya mapenzi na kuiangalia mpaka ikuingie

Siku hizi sini nyingi za mapenzi watu wanazijulia kwenye klipu, dakika moja ya busu na muziki juu yake, afu mtu anakwambia aah hiyo naijua, ya kawaida tu. Hujaiona ndugu yangu. Lile busu limeanza kuandaliwa saa nzima nyuma, na kama hiyo saa hukukaa basi ulichoona ni watu wawili wazuri wamegusanisha midomo. Mimi muvi za mapenzi nazipenda kweli, naziangalia, nazirudia, nabishana na watu juu yake, kwa hiyo naandika hapa namna ya kuzichagua na namna ya kuziangalia ili zile sini kubwa zikupate sawasawa. Baadhi nitazieleza mpaka mwisho, hasa za zamani, sasa ukiona jina la muvi ambayo hutaki kuijua mapema ruka mistari kadhaa.

Tuanze na kuchagua. Usianze na nani kaigiza wala bango lina uzuri gani, uliza hivi: hawa wawili kinawazuia nini? Ukisoma maelezo yake au ukaangalia trela ukakosa jibu, achana nayo, maana watapendana dakika ya kumi na zinazobaki zote ni nyimbo na mavazi. Na kizuizi kizuri ni kile ambacho hata wewe uliyekaa kwenye kochi hujui ungekivukaje. Chukua Casablanca ya 1942. Rick bado anampenda Ilsa, Ilsa bado anampenda Rick, ila Ilsa ana mume, Victor Laszlo, na huyo mume si mtu mbaya hata kidogo, ni mtu anayepigana na Wanazi na wenzake wanamtegemea. Utamchukia vipi? Ndo maana pale uwanja wa ndege, Humphrey Bogart, yaani Rick, anapomwambia Ingrid Bergman, yaani Ilsa, apande ndege aondoke na mumewe, unawaonea huruma wote watatu kwa pamoja, na hiyo ni ngumu sana kuifanya kwenye muvi yoyote.

Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995) nayo hivyohivyo, kizuizi ni baba wa binti. Raj angeweza kabisa kutoroka na Simran, tena mama mtu mwenyewe anawaambia kimbieni, na Raj anakataa, anataka baba ampe kwa ridhaa yake. Muvi ya zaidi ya saa tatu inasimama juu ya huo msimamo wa kijana mmoja, afu mwishoni treni inaanza kuondoka, Raj yuko mlangoni uso una damu, Simran analia anataka kwenda na mkono wake umeshikwa na baba, na Amrish Puri, ndo huyo baba, na lile jicho lake kali anamtazama mwanae, anamtazama, mara anamwachia. Wengi wanakumbuka mbio za Kajol na mkono wa Shah Rukh Khan ulionyooshwa, mimi nasema sini yenyewe ni ule mkono wa baba unaofunguka, bila huo mbio zote hazina maana. Ukumbi wa Maratha Mandir kule Mumbai uliendelea kuionyesha hii muvi kwa zaidi ya miaka 25, na siamini kama watu walikuwa wanarudi kwa ajili ya nyimbo peke yake.

Titanic (1997) sitakaa sana kwa sababu karibu kila mtu kaiona, ila nikuombe kitu, ukiirudia angalia ile sini ya mbele ya meli imewekwa wapi. Muda mfupi kabla ya pale Rose amemkataa Jack, kamwambia aachane naye. Kwa hiyo anapotokea kwa miguu yake mwenyewe jua linazama, ndo uamuzi anaoufanya mwenyewe bila mama wala mchumba, na ile mikono iliyofunguliwa inakuja baada ya hapo. Walioiga lile pozi kwenye picha wengi wamelichukua bila hicho kipande cha kukataliwa.

Jambo la pili ni unaangalia na nani, na hapa watu wengi wanaharibu jioni nzima. Kama ni mtu mpya ambaye bado mnasomana, chagua muvi ya maneno, watu wanaongea na kucheka, mpate cha kuzungumza nyinyi wenyewe baadaye. When Harry Met Sally ya 1989 inafaa sana, marafiki wanaobishana miaka na miaka mpaka usiku wa mwaka mpya jamaa anakuja mbio kumtajia yale mambo madogomadogo anayoyapenda kwake, mengine ni kero kabisa, na ndo tamko la mapenzi linaloaminika kuliko mashairi yote. Lakini ina ule utani wa mgahawani, Sally anaigiza sauti za kitandani mbele ya watu, kwa hiyo kama sebuleni kuna wazazi au wakwe iache, weka Roman Holiday (1953), hiyo hata bibi mtaangalia naye bila mtu kujifanya ameenda kunywa maji. Kwa waliooana siku nyingi napendekeza mwanzo wa Up (2009), ndiyo, katuni, zile dakika chache za Carl na Ellie kuanzia harusi mpaka uzee karibu bila neno. Amour ya 2012 ni kubwa mno na ni ya mapenzi kwelikweli, mzee anamuuguza mkewe, ila hiyo usimwekee mtu kwa kumshtukiza, mwambie kabla inahusu nini akubali mwenyewe.

Na kama mnagombania rimoti kila siku, mpeane zamu, mmoja anachagua na mwenzie haruhusiwi kulalamika nusu saa ya kwanza. Ikipita nusu saa na bado anachoka, mbadilishe bila kununiana.

Maandalizi ni machache. Zima taa, simu weka mbali na siyo kuigeuza kifudifudi tu maana utaigeuza tena. Kama ni lugha usiyoijua chagua maandishi ya chini, usichukue iliyowekewa sauti za watu wengine, kwa sababu mtu anapompenda mtu sauti yake inabadilika, inashuka, inakatika, na ukiibadilisha sauti umetupa nusu ya muigizaji.

Sasa kuangalia kwenyewe. Acha kusubiri busu. Angalia mikono. Kwenye Pride & Prejudice ya 2005 kuna sekunde chache tu, Darcy anamsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi, mkono kwa mkono bila glavu, anageuka anaondoka, na kamera inaonyesha vidole vyake vinajinyoosha kama vimeungua. Mpaka hapo hawa wawili wamekuwa wakirushiana maneno ya vijembe tu, mdomo wake haujakiri chochote, mkono umeshasema. Ukiipitisha hiyo unaangalia simu, muvi nzima itakuwa ngeni kwako.

Angalia macho pia. Before Sunrise (1995) ya Richard Linklater ina sini ndani ya chumba kidogo cha kusikilizia santuri dukani, mjini Vienna, Jesse na Celine wamebanana humo wimbo unapigwa na hakuna anayesema lolote, huyu akimwangalia mwenzie yule anatazama pembeni, akigeuka huyu keshakwepa, na kamera imetulia tu haikati. Irudishe nyuma uangalie macho ya Julie Delpy peke yake, afu irudishe tena uangalie ya Ethan Hawke. Yani ni wimbo mmoja na umeona watu wanaanza kupendana mbele yako.

Kingine cha kujua ni kwamba sini nyingi kali za zamani zimetokana na katazo. Hollywood kuanzia 1934 ilikuwa na kanuni zinazosimamiwa kwa ukali kuhusu nini kionyeshwe, na busu refu lilikuwa halipiti. Alfred Hitchcock kwenye Notorious (1946) alichofanya, Cary Grant na Ingrid Bergman wanabusiana kidogo wanaacha, wanaongea habari za chakula cha usiku, wanabusiana tena, wanatembea hivyohivyo wameshikana mpaka kwenye simu, jamaa anapiga simu huku kamkumbatia, zaidi ya dakika mbili zinaisha na hakuna busu moja lililokuwa refu. Ni motomoto kuliko sini nyingi za leo ambazo nguo zote ziko chini, na sababu ni kwamba hawawezi kuachana hata kwa hatua moja, unaliona hilo kwa macho. Ukishaijua hiyo utaanza kuuliza kila sini, hapa wamenyimwa nini, na wamefanya nini na hicho walichonyimwa.

Ila kama nina muvi moja tu ya kukupa ikufundishe haya yote, ni Brief Encounter (1945) ya David Lean, nyeusi na nyeupe, haifiki hata saa moja na nusu. Laura ana mume na watoto, Alec ni daktari naye ana mke na watoto, wanakutana stesheni ya treni, wanapendana na wanajua haiwezekani. Muvi inaanza wamekaa meza moja kwenye mkahawa wa stesheni, wametulia, mara anaingia mama mmoja anayefahamiana na Laura, maneno mengi huyo, anakaa nao anaanza soga, treni ya Alec inafika, Alec anainuka, anamshika Laura bega, anatoka. Wewe hapo hujui kitu, unaona abiria tu. Afu Laura yuko nyumbani anaanza kukumbuka kuanzia siku ya kwanza, Alhamisi moja hadi nyingine, na karibu na mwisho ile sini inarudi, mkahawa uleule na mama yuleyule na soga zake, ila sasa unajua zile ndo dakika zao za mwisho kuonana maishani na huyu mama anazimaliza zote kwa maneno yake, hawawezi kumfukuza, hawawezi kukumbatiana, hata kwaheri hawawezi kuisema. Wanapata lile bega tu. Mkono uleule, bega lilelile, mara ya kwanza hukuhisi chochote na mara ya pili huwezi kumeza mate. Nani tena aniambie klipu inatosha?

Halafu kuna jambo lazima niliseme maana nalichukulia kwa uzito. Si kila kinachopigiwa muziki mtamu ni mapenzi. The Notebook (2004) naipenda, ile ya mvua nikiiona natulia kabisa, Allie anauliza kwa nini hukuniandikia na Noah anamwambia aliandika barua 365, kila siku kwa mwaka mzima, na sisi tunajua mama yake Allie alizificha, ndo maana lile busu lina hasira na kiu ndani yake. Lakini mwanzoni huyuhuyu Noah ananing'inia kwenye gurudumu kubwa la michezo na kutishia kuachia mpaka binti akubali kutoka naye. Hapana. Hiyo ni kumlazimisha mtu kwa vitisho, na kama unaangalia na kijana wa nyumbani simamisha hapo mzungumze, afu mwendelee. Unaweza kuipenda muvi na ukakataa kipande chake.

Ukimaliza kuangalia usikimbilie kufungua nyingine. Andika mstari mmoja mahali, na usiandike stori, andika kilichokugusa: vidole, mlango, namna alivyokunja koti. Baada ya muda utajikuta unajua wewe ni mtu wa sini gani, wa kuagana au wa kukutana, na kuchagua kutakuwa rahisi hata bila kuuliza watu.

Kwa anayeanza ningemwambia ashike mpangilio huu. Roman Holiday kwanza, ni nyepesi, na mwisho wake, binti mfalme anapokutana na mwandishi wa habari aliyempenda, mbele ya watu wote na inabidi wajifanye hawafahamiani, utakuzoesha kuangalia uso. Kisha Before Sunrise, na mwendelezo wake wa 2004 na 2013 usiufululize wikiendi moja, waigizaji wamezeeka miaka tisa kila mara, nawe upe nafasi. Kisha Brief Encounter. Mwisho kabisa In the Mood for Love (2000) ya Wong Kar-wai, majirani wawili Hong Kong ya 1962 wanaogundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana uhusiano, na nyuso za huyo mume na huyo mke hatuonyeshwi. Humo hakuna busu hata moja, ni ngazi, bakuli za tambi, magauni ya Maggie Cheung, Tony Leung na sigara yake, na ule muziki wa fidla unaorudi na kurudi. Kuna mahali wanafanya mazoezi ya kuachana, majaribio tu, na mwanamke anaanza kulia kweli. Iangalie ukiwa umelala vizuri, peke yako au na mtu asiyependa kuongea katikati, na sauti uifungulie kidogo kuliko kawaida.