Kulitafuta jina la kale kwenye nyaraka: kutoka Mkwawa hadi Quawa

Ukiingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya Ujerumani ukaandika "Mkwawa" peke yake, utakosa sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa juu yake akiwa hai. Andika "Quawa". Mtu ni yuleyule, mtwa (mtawala) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na vita ni vilevile, ila aliyeshika kalamu alikuwa Mjerumani.

Mimi hapa Iringa nawasaidia watu wanaotafuta majina kwenye karatasi za zamani: wanafunzi wa historia wenye tasnifu, familia zinazotaka kujua babu alipelekwa wapi, mara mojamoja katekista mwenye daftari la ubatizo lililoliwa na mchwa. Malalamiko ni yaleyale: "Nimetafuta, hamna." Mara nyingi limo. Tatizo ni kwamba watu hutafuta jina kama wanavyoliandika wao leo, wakati aliyeliandika aliandika alichosikia, kwa herufi za kwao. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti cha yule karani na kusikia kama yeye. Nitaeleza ninavyofanya.

Hatua ya 1: Lipate jina mdomoni kwanza

Usianzie kwenye kompyuta. Anza na mtu mzima anayeongea lugha ya hilo jina, na usimwonyeshe karatasi. Ukimwonyesha, atakusomea ulichoandika, na hapo umejirudishia mwenyewe.

Ukifika, salimia vizuri, kaa, kisha uliza kwa kuzunguka: "Kamwene, babu. Yule mtwa baba yake Mkwawa, hapa nyumbani mnamtajaje?" Usishangae akikurudishia swali: "Tunavyomtaja sisi, au mnavyomwita ninyi wa shule?" Mwambie unataka yote mawili. Omba ruhusa urekodi kwa simu, maana sikio lako nalo linadanganya.

Ukisikiliza, kamata mambo matatu. Ni *l* au *r*? Ni *v*, *w* au *b*? Na baada ya *m* ya mwanzo kuna *u* inayosikika, au imemezwa? Kiswahili kinapenda kuimeza. Baba yake Mkwawa utamkuta Munyigumba, na kitabu kingine kitakuambia Muyugumba. Andika ulichosikia kwa herufi za Kiswahili cha leo. Hilo liite jina la kuanzia. Sisemi ndilo sahihi kuliko mengine, ni la kuanzia tu.

Hatua ya 2: Jiulize ni sikio la nani

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Angalia tarehe ya waraka. Nyanda za juu kusini zilikuwa chini ya Wajerumani hadi vita vya kwanza vya dunia, kisha wakaja Waingereza. Mwingereza hakutusumbua sana: irabu aliziandika kama tunavyoziandika, na konsonanti zake tumezoea. Mjerumani ana mambo yake:

- *w* yake husomwa *v*
- *j* yake husomwa *y*, ndiyo maana ramani zao zina Bagamojo na Njassa
- *sch* ni *sh*, *tsch* ni *ch*, na *dsch* ni *j* yetu, kama kwenye Kilimandscharo
- *s* moja mbele ya irabu huielekea *z*, ndiyo maana Mwanza wakaiandika Muansa
- akitaka *s* kavu mwanzoni mwa jina, huiandika mara mbili: Ssongea
- *wa* baada ya konsonanti mara nyingi huwa *ua*: Usafwa ikawa Usafua

Sasa chukua Quawa uipitishe hapo. Mjerumani akikutana na *Qu* hutamka *kv*. Akikutana na *w* hutamka *v*. Kwa hiyo Quawa, mdomoni mwa Mjerumani, ni kitu kama "Kvava". Rudi sasa kwenye jina refu la mtwa mwenyewe: Mkwavinyika. Iangalie hiyo *v*. Na Wahehe hulifupisha kuwa Mukwava. Maana yake yule ofisa wa Kijerumani hakuwa amekosea sana. Mwisho wa jina aliusikia vizuri, akauandika kwa herufi ya kwao. Mimi naamini *w* ya mwisho kwenye "Mkwawa" tunayoiandika leo mashuleni ni *w* ya Kijerumani tuliyoisoma Kiswahili. Wapo wasiokubaliana nami, na tumeshabishana.

Na *m* ya mwanzo ilikwenda wapi? Mgeni ambaye lugha yake haianzi neno kwa *mkw* huisikia *m* kama mguno kabla ya jina. Anaiacha. Ndiyo maana kuna Quawa na Kwawa. Halafu njoo kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kile kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu lake: maandishi ya Kiingereza yanasema "Sultan Mkwawa", *m* imerudi. Fuvu lenyewe lilirudi 1954, na liko Kalenga. Mtu aliyefariki Julai 1898 anabadilika herufi kwenye karatasi kwa zaidi ya nusu karne, na kila badiliko linakuonyesha ni ofisi gani ilishika kalamu.

Kuna sikio la tatu linalosahaulika: karani wa pwani aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Huko *o* na *u* hushiriki alama moja, *e* na *i* vilevile, *v* huazima herufi nyingine, na *n* mbele ya konsonanti huweza kuachwa kabisa. Ukipata barua ya namna hiyo imeshahamishiwa herufi za Kilatini na mtu mwingine, hesabu kwamba jina limepita masikio mawili.

Hatua ya 3: Vua viambishi

Jina moja linaweza kukaa sehemu nne kwenye faharasa moja. Tafuta Hehe, Wahehe, Uhehe, Kihehe. Bena, Wabena, Ubena. Usipofanya hivi utapoteza jioni nzima kwenye H wakati kitu kimekaa kwenye W.

Viambishi huwachanganya hata wakubwa. Waarabu walipolipokea jina Alexander walidhani *Al* ya mwanzo ni ile *al* ya lugha yao, wakaitenga, na sisi tukarithi Iskandari. Kwa hiyo karani wa Langenburg, kituo cha Wajerumani, aliyekata *m* ya mtu asikukasirishe.

Kwa majina ya ukoo ya Rungwe na Kyela yanayoanza na *Mwa-*, jaribu pia *Mua-*, na *ky* ijaribu kama *ki*. Mwakyusa, Muakyusa, Mwakiusa.

Hatua ya 4: Badilisha l na r, kisha angalia ramani

Mdogo wake Mkwawa, Mpangile, ambaye Wajerumani walimnyonga 1897, kwenye maandishi yao ni Mpangire. Sheria yangu ni rahisi: kila *l* itafute pia kama *r*, na kila *r* kama *l*, hata kama unaona ni upuuzi. Tena *ch* na *sh* zinabadilishana: yule nkosi (mtawala) wa Wangoni aliyepigana Maji Maji utamkuta Chabruma, Shabruma na Schabruma.

Ila ukishalipata jina la mahali, usikimbilie kushangilia. Lilinga ya Kihehe ndiyo Iringa, sawa. Lakini "Iringa" iliyovamiwa Oktoba 1894 kwenye taarifa za Kijerumani si mji huu wenye stendi na Gangilonga. Ni Kalenga. Mji wa sasa waliujenga baadaye, ndipo ile ya kwanza ikaanza kuitwa Alt-Iringa, yaani Iringa ya kale. Nimesoma tasnifu iliyoweka ngome ya Mkwawa juu ya mlima usiohusika, kwa sababu ya hilo tu.

Utengule ni hivyohivyo: kuna ya Usangu, na kuna ile ya karibu na Mbalizi. Zote mbili zinahusika na historia ya Merere, mtawala wa Usangu, kwa hiyo kila ukikutana nayo pima umbali na majirani waliotajwa. Na kama unatafuta mji wa Mbeya kwenye karatasi za Wajerumani, pumzika. Mji umekua na dhahabu ya Lupa miaka ya 1920. Tafuta Usafua, yaani nchi ya Wasafwa.

Tukuyu nayo ilibatizwa Neu-Langenburg, na ile Langenburg ya kwanza ilikuwa ziwani.

Hatua ya 5: Ni mtu au ni kiti?

Fupi lakini usiiruke. Merere ni jina lililorithiwa na watawala wa Usangu. Elton, msafiri Mwingereza aliyepita 1877, anamtaja Merere. Maofisa wa miaka ya 1890 nao wanamtaja Merere. Usiwaunganishe kuwa mtu mmoja mpaka tarehe zikuruhusu. Lwembe wa Rungwe na Kyungu wa Ngonde, ng'ambo ya mto Songwe, ni vilevile: anakufa mtu, jina linabaki.

Na kumbuka wageni nao walipewa majina. Kamanda wa Kijerumani aliyeuawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 kwenye mafaili ni Zelewski, lakini mzee akikusimulia atasema Nyundo. Ofisa mwingine, Tom von Prince, ni Sakarani. Ukienda kwenye nyaraka na "Nyundo" pekee, hutoki na kitu.

Hatua ya 6: Majina ya miungu yana mhariri

Jina la mtawala huandikwa na karani mwenye haraka. Jina la Mungu huandikwa na kamati, kisha linachapwa kitabuni, na watu wanalisoma kila Jumapili. Ndiyo maana huganda mapema. Kyala wa Wanyakyusa aliingia kwenye Biblia ya Kinyakyusa, na tahajia yake ikatulia. Kwa Wahehe utakuta Nguluvi; waandishi wengine wa enzi ya ukoloni wakaweka Nguruhi; ukivuka kwa Wakinga ni Nguluve. Hapo usiwe mwepesi kusema moja ni kosa la jingine. Huenda ni lugha tatu jirani, kila moja inasema chake. Kwa majina ya miungu, pamoja na tarehe, andika daima *lugha* na *madhehebu* ya mwandishi: Wamoravian na misheni ya Berlin walifika upande wa Rungwe mwaka mmoja, 1891, na hawakuwa na daftari moja.

Mfano ulio mezani kwa kila mtu: fungua Matendo 14:12 kwenye Biblia ya Kiswahili. Barnaba anaitwa Zeu na Paulo anaitwa Herme. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya Mfalme Yakobo, mstari huohuo una Jupiter na Mercurius. Waingereza wale walipitia Kirumi. Kiswahili kilikwenda na Kigiriki, kikaiacha *s* ya mwisho. Mwanafunzi anayetafuta "Zeus" kwenye maandishi ya Kiswahili ya kanisa atatoka mikono mitupu.

Hatua ya 7: Idanganye mashine

Vitabu vingi vya Kijerumani vya wakati ule vilichapwa kwa herufi zile za kizamani zenye kona. Zina *s* ndefu inayofanana mno na *f*, na programu inayosoma picha kuwa maandishi hujichanganya. Ussangu inageuka Uffangu. Naam, tafuta Uffangu, sikutanii. Tafuta pia Sfongea.

Kama kisanduku kinakubali alama ya nyota, itumie: *kwawa, Qua*, Mpangi*. Kama hakikubali, andika orodha yako pembeni na upitie moja baada ya nyingine ukikata kwa kalamu. Kwa mafaili ya mkono, yale yaliyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, mashine haitakusaidia. Mwandiko wa Kijerumani wa zamani una *e* inayofanana na *n*, na *u* yenye kijikono juu. Jifunze herufi hizo kabla hujapanda basi.

Hatua ya 8: Nakili kama ilivyo

Kwenye daftari lako weka safu nne: tahajia kama ilivyo kwenye waraka, tarehe, nani kaandika, na jina la kuanzia ulilolipata kwenye hatua ya kwanza. Safu ya kwanza usiiguse. Ukirekebisha "Quawa" kuwa "Mkwawa" wakati wa kunakili, umefuta ushahidi wa nani alikuwa anasikia, na atakayekuja baada yako hataweza kuupata ule waraka.

Ukiandika makala yako mwenyewe, chagua tahajia moja, itumie toka mwanzo hadi mwisho, na nukuu ziache na tahajia zao. Mimi huandika Mkwawa, pamoja na yote niliyosema kuhusu ile *w*, kwa sababu ndivyo familia inavyojiandika.

Kwa familia zinazogombana juu ya jina la kuchonga kwenye kaburi, na hutokea: leteni daftari lenye safu zote nne, wazee wakae, wasomewe kila tahajia na tarehe yake. Uamuzi ni wao. Kazi ya mtafutaji ni kuhakikisha hakuna tahajia iliyofichwa mezani.