Usukani wa pikapu ya shamba: tafuta kilicholegea kabla hujanunua spea

Pikapu inayosomba viazi kutoka mashamba ya Njombe au Makete ikimaliza msimu, matatizo yake huanzia mbele. Usukani unacheza, gari linavuta upande, au ukishashika lami na kufika kilomita 80 kwa saa mikono inaanza kutetemeka. Wenye magari wengi hukimbilia mjini kufanya alaimenti, na hiyo ndiyo kazi inayopaswa kuja mwisho kabisa. Mashine ya alaimenti hupima pembe za magurudumu tu. Kama tairodi endi, yaani jointi ya mwisho wa fimbo inayogeuza gurudumu, imelegea, pembe uliyoilipia asubuhi itakuwa imebadilika kabla hujafika nyumbani.

Anza na mambo yasiyohitaji spea. Pima upepo asubuhi gari likiwa halijatembea, ukifuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi za mbele zikipungua upepo usukani unakuwa mzito, na likipungua la upande mmoja gari linavuta upande huohuo. Kisha chungulia ndani ya rimu, ule upande usioonekana ukisimama. Tope la shamba likikaukia humo, gurudumu linakosa uwiano na usukani unatikisika kama vile kuna kitu kimekatika. Likwangue kwa kijiti, osha, kaza nati za magurudumu kwa kuvukavuka badala ya kufuata duara, halafu lijaribu gari barabarani. Mtetemo mwingi wa msimu wa mvua huishia hapo.

Mzigo nao una lawama zake. Hilux nyingi zimetengenezwa kubeba takriban tani moja, kwa hiyo magunia kumi ya kilo 100 yameshamaliza nafasi yote, bado dereva na vibarua wanaodandia juu. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inapitisha uzito huo haraka, mbali na kwamba sheria ya vipimo inaikataza. Magunia yakirundikwa kuelekea mlango wa nyuma, nyuma inalala, pua inanyanyuka, na tairi za mbele zinakosa uzito wa kushika barabara. Usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga. Pikapu inayotulia ikiwa tupu na kuyumba ikiwa na shehena, usiifungue mbele kwanza. Panga magunia mazito yaegemee kebini, kagua springi za nyuma kama kuna jani lililovunjika, ndipo uendelee.

Tairi lenyewe linaeleza mengi. Pitisha kiganja juu ya meno yake kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ikiwa upande mmoja ni laini na ukirudi unahisi makali yanakukwaruza, tairi linaburutwa ubavuni kwa sababu magurudumu mawili ya mbele hayaelekei sawasawa. Tairi lililolika kingo zote mbili limetembea na upepo mdogo. Lililolika katikati lilijazwa kupita kiasi. Lenye mabonde mabonde kuzunguka limekuwa likirukaruka, na hapo shokapu ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Baada ya hapo unahitaji mtu wa pili. Gari likiwa limesimama chini kwenye tairi zake, mwambie azungushe usukani kidogo tu, kushoto na kulia, bila kufika mwisho, huku wewe umelala pembeni ukitazama. Fuata nguvu inakopita. Anza na jointi za mti wa usukani, nenda kwenye boksi ya usukani, kwenye fimbo zinazotoka humo, umalizie kwenye tairodi endi za magurudumu. Weka vidole juu ya kila jointi, maana vidole vinahisi mchezo ambao macho hayauoni. Jointi ambayo upande mmoja unasogea kabla ya mwingine imekwisha. Usiiruke boksi yenyewe. Kwenye barabara mbovu bolti zake hulegea, na chasi huweza kupasuka pale ilipofungwa. Mwanga wa tochi utauonyesha ufa kama mstari wa kutu katikati ya rangi. Mpira wa jointi uliochanika pia ni habari mbaya hata kama jointi bado ni ngumu, kwa kuwa mchanga na maji vimeshaingia.

Sasa nyanyua gurudumu. Udongo wa shamba ni laini, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya jeki, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi au gogo pana. Tofali la kuchoma hupasuka ghafla, usilitumie. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi ya gurudumu imelegea. Ukibaki, tazama boljointi, ile jointi ya duara inayoshikilia gurudumu kwenye mkono wake, au kama gari ni la ekseli nzima mbele (chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu), tazama beringi za kingpini, ambazo gurudumu hugeukia juu yake. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo unaoonekana huku tu unatoka kwenye tairodi au, kwa Hilux Vigo na zilizokuja baada yake, kwenye raki ya usukani, fimbo yenye meno iliyochukua nafasi ya boksi. Boljointi ya chini yenye mchezo haisubiri mavuno yaishe. Ikichomoka, gurudumu linalala chini ya bodi na huna tena usukani.

Hilux za zamani za four-wheel zenye ekseli nzima na springi za majani mbele, ambazo bado ni nyingi vijijini, zina ugonjwa wao. Unapiga shimo kwenye kilomita 60 kwa saa, usukani unaanza kupigapiga kulia na kushoto kwa nguvu, na hautulii mpaka upunguze mwendo karibu kusimama. Fundi wa haraka atakuuzia shokapu mpya ya usukani. Gari litatulia kwa muda, lakini kilichopoa ni dalili. Chanzo mara nyingi ni beringi za kingpini zilizopoteza mkazo. Mkazo huo hupangwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa chini ya kifuniko, kwa hiyo fundi anayezifungua na kuzirudisha bila kupima hajafanya kazi. Angalia pia bushi za springi na nati za yuu bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Na ukiona nyuma ya gurudumu kuna ute mweusi mwepesi unaotiririka badala ya grisi nzito, sili ya ndani imekufa na oili ya difu, yaani ya gia zilizo ndani ya ekseli, inayeyusha grisi. Pima oili ya difu siku hiyohiyo.

Gari linalovuta upande mmoja lina njia fupi ya kulichunguza. Badilishana tairi za mbele, la kushoto liende kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Usipohama, endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, halafu sogeza mkono karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Yenye joto kuliko mwenzake ina breki inayong'ang'ania. Usukani uliokuwa mzito ghafla, tazama mkanda wa pampu na kiwango cha oili. Toyota nyingi za aina hii hutumia oili ya ATF, ile ya giaboksi za otomatiki, kwenye usukani. Ikiwa na povu, inavuta hewa mahali, mara nyingi kwenye mpira wa kuingilia pampu.

Ukibadilisha tairodi endi au boljointi, simama karibu na fundi wakati anafunga. Nati yake ina mikato ya kupitishia kotapini, pini inayokunjwa ili nati isifunguke. Tundu lisipolingana, nati inakazwa mbele kidogo mpaka lilingane, hairudishwi nyuma. Kotapini iwe mpya. Waya wa kufungia magunia au msumari uliokunjwa si mbadala wake, ingawa vyote nimevikuta kwenye magari yanayopanda milima na mzigo. Penye nipo ya grisi, piga grisi mpaka ya zamani itoke, na kwa gari linalopita matopeni rudia mara kwa mara wakati wa mvua.

Kabla ya safari ya kwenda kwenye mashine, jipatie kipimo cha muda. Nyoosha usukani, chora alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kwenye kimo cha ekseli. Pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari taratibu mpaka alama zifike mbele kwa kimo kilekile, upime tena. Vipimo viwili vinapaswa kutofautiana kwa milimita chache tu. Vikipishana kwa sentimita, rekebisha tairodi kwanza, la sivyo tairi litakuwa limelika kabla hujafika mjini.

Kwenye mashine, omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Pembe ikigoma kuingia kwenye kiwango hata baada ya kurekebishwa, kuna kipande kilichopinda au chasi iliyosogea, na kuendelea kuzungusha bolti hakutainyoosha.