Boga kwa mbwa mwenye choo kigumu au chepesi

Mbwa anayekula ugali wa sembe na mifupa kila siku hupata nyuzinyuzi kidogo mno. Mifupa mingi hukausha choo kikawa kama chokaa, mbwa akajikamua bila mafanikio. Boga husaidia pande zote mbili: nyuzinyuzi zake hushika maji, hivyo hulainisha choo kigumu na kukaza kidogo kile chepesi. Bakteria wa utumbo mpana nao huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo.

Menya boga, toa mbegu, chemsha hadi lilainike, kisha ponda. Usitie chumvi, mafuta wala viungo. Kitunguu kabisa usiweke, kwani huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Mbwa mdogo apewe kijiko kimoja cha chai kwa mlo. Wa wastani kijiko kimoja cha mezani. Mkubwa vijiko viwili hadi vitatu vya mezani. Anza na nusu ya kipimo, uongeze taratibu kwa siku saba hadi kumi. Ukiharakisha, atajaa gesi na kuharisha. Maji safi yawepo muda wote, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga choo.

Boga si dawa ya minyoo wala ya ugonjwa. Mtoto wa mbwa anayeharisha na kutapika, au mbwa yeyote mwenye damu kwenye choo, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyekosa choo siku mbili.