Kabla ya Kutuma N-400, Mwone Wakili

Mimi ni mkalimani hapa Louisville, Kentucky. Nakaa katikati ya mwombaji wa uraia wa Marekani na wakili, na wengi ninaowatafsiria ni Wakongo na Warundi waliopitia kambi za wakimbizi za Kigoma, mkoa nilikozaliwa. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Kaka, wakili wa nini, na fomu ya uraia iko kwenye intaneti, mtu anajijazia mwenyewe?"

Kujaza unaweza. Shida ni kwamba N-400, ndiyo hiyo fomu ya uraia, haisomwi peke yake. Afisa wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, anaisoma akiwa na faili lako lote mbele yake: mahojiano ya kambini Nyarugusu, fomu za grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), hata karatasi ulizosaini ukimwombea mumeo aje. Majibu ya leo yanapimwa kwa majibu ya zamani.

Kwa hiyo anza na hesabu. Kwa kawaida unatakiwa uwe umekaa na grini kadi miaka 5, au 3 ikiwa umeolewa au umeoa raia wa Marekani na mnaishi pamoja, na unaruhusiwa kutuma siku 90 kabla muda haujatimia. Tazama kwenye kadi palipoandikwa tarehe ya kuanza ukaazi. Kwa mkimbizi huwa ni siku aliyoingia Marekani, hata kama kadi yenyewe ilitoka mwaka mmoja na zaidi baadaye. Nimeona watu wakisubiri bure kwa kutolijua hilo. Katika ile miaka 5, uwe umekuwemo nchini miezi isiyopungua 30. Safari moja ya zaidi ya miezi 6 inaleta maswali; ya mwaka mzima inavunja hesabu. Ulienda kuuguza mzazi Uvira ukakawia? Beba pasipoti na tiketi kwa wakili.

Sasa faili. Hapa ndipo gharama ya wakili inapojilipa. Mwambie akuombee nakala ya faili lako USCIS. Ombi hilo halina ada. Ikifika, mnakaa mezani mnaisoma ukurasa kwa ukurasa. Wenzetu wengi tarehe yao ya kuzaliwa ni 1 Januari kwa sababu kambini walijua mwaka tu. Majina yamegeuzwa, la baba limekuwa la kwanza. Hayo ni mepesi. Mazito ni ya familia. Juzi tulikuwa na mama mmoja, faili linasema ana watoto 6, fomu yake ina 4. Wakili akauliza, mama akanyamaza, akafunga vizuri kitenge, kisha akasema wale wawili ni wa marehemu dada yake. "Ni wangu, mimi nimewalea." Kwetu hakuna wa kubisha. Kwa afisa, hayo ni maelezo mawili yanayopingana chini ya kiapo, na yanaweza kumgharimu mtu hata grini kadi. Wakili aliandika maelezo ya kifo cha dada na malezi, akayaambatanisha na vyeti vya watoto. Mwingine huenda angeambiwa asitume kabisa kwa sasa, na wakili anayethubutu kukwambia hivyo ndiye wa kumshika.

Yupi ni wakili, basi? Ni mwenye leseni ya uwakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambaye hufanya kazi kwenye mashirika kama Kentucky Refugee Ministries au Catholic Charities kwa bei nafuu. Wote wawili hujaza fomu G-28 inayowatambulisha kwa USCIS. Mtu anayekujazia sebuleni kwake, anachukua pesa taslimu na hataki jina lake lionekane kwenye fomu, mkimbie, hata kama mnasali kanisa moja. Mthibitishaji wa saini wa Marekani (notary public) naye si wakili.

Ada ya serikali ni dola 710 ukituma mtandaoni, 760 kwa karatasi. Mwenye kipato kidogo anaweza kulipa 380, au kusamehewa yote kwa fomu I-912.

Kuna maswali ambayo nawaomba mawakili wayarudie polepole. Umewahi kujiandikisha kupiga kura? Ofisi ya leseni ya udereva huuliza kama unataka kujiandikisha, na mtu mgeni wa lugha hujibu ndiyo, ndiyo, ili amalize aondoke. Kama lilikutokea, mwambie wakili kabla ya kutuma chochote. Umewahi kukamatwa? Hata kama kesi ilifutwa, jibu ni ndiyo, na leta karatasi ya mahakama. Vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 waulizwe kama wamejiandikisha kwa ajili ya jeshi.

Mtihani wa historia na serikali ya Marekani: waliotuma kuanzia 20 Oktoba 2025 husomea maswali 128, wanaulizwa hadi 20, na wanatakiwa kupata 12. Kingereza ni kusoma sentensi moja, kuandika moja, na kujibu afisa. Mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa 15, anasamehewa Kingereza, na anaruhusiwa kuja na mkalimani. Miaka ya kambini haihesabiwi, mzee, samahani. Mgonjwa asiyeweza kujifunza ana fomu N-648, hujazwa na daktari. Ukifeli, unarudia mara moja sehemu uliyofeli, kati ya siku 60 na 90.

Warundi na Wasomali, muulizeni wakili jambo moja zaidi: Desemba 2025 USCIS ilisitisha maamuzi kwa maombi ya watu wa nchi 19, zenu zikiwemo, na orodha hubadilika.

Fikiria na uraia unaouacha. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na katiba ya Kongo inasema uraia wake ni mmoja, hauchanganyiki na mwingine.

Siku ya kiapo unarudisha grini kadi, unapewa cheti. Usitoke ukumbini kabla hujasoma jina na tarehe ya kuzaliwa herufi kwa herufi. Kosa lioneshe palepale, maana baadaye ni fomu N-565 na kusubiri tena. Watoto wa chini ya miaka 18 wenye grini kadi, wanaoishi nawe na walio chini ya malezi yako kisheria, wanakuwa raia siku hiyohiyo bila mtihani. Waombee pasipoti mapema, karatasi zote zikiwa bado ziko pamoja kwenye bahasha moja.