Gari la kukodi visiwani Ugiriki: mkataba, kona na upepo

Gari la kukodi katika visiwa vya Ugiriki huharibiwa na mambo madogo: jiwe lililochana tairi, mlango uliong'olewa na upepo, kioo cha pembeni kilichokwaruza ukuta kwenye kichochoro cha kijiji. Tatizo ni kwamba bima ya kawaida ya mkataba mara nyingi haigusi vitu hivyohivyo. Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye karatasi, kabla ya usukani.

Kama leseni yako haikutolewa na nchi ya Umoja wa Ulaya, au mojawapo ya nchi chache zilizosamehewa, chukua kibali cha kimataifa cha udereva ukiwa bado kwenu, na usafiri nacho pamoja na leseni yenyewe. Kimoja bila kingine hakitoshi. Dhamana kwa kawaida hushikiliwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva, si la mwenzake. Magari madogo mengi ni ya gia za mkono. Anayetaka otomatiki kwa Julai au Agosti aagize mapema. Na mkiwa wanne na mabegi, msichukue gari dogo kuliko yote kwa sababu ya bei: injini ya lita 1.0 iliyojaa watu hupanda milima kwa taabu, na kumpita mtu kwenye mlima inakuwa hatari.

Kwenye mkataba, hata bima ikiitwa "kamili", tafuta vitu vinne kwa majina: matairi na rimu, vioo, sehemu ya chini ya gari, na paa. Uliza pia ukipata hasara utalipa kiasi gani mwenyewe, kisha hakikisha kiasi hicho kimeandikwa. Halafu uliza kuhusu barabara za vumbi. Huko Krete, njia ya kwenda ufuko wa Balos kutoka kijiji cha Kaliviani ni ya changarawe kwa takriban kilomita 8, na mikataba mingi inasema wazi kwamba ukipita njia ya namna hiyo bima imekufa. Balos hufikika pia kwa boti kutoka Kissamos. Ukipiga hesabu ya tairi moja na kuvutwa hadi mjini, tiketi ya boti si ghali. Kuvusha gari kwa feri hadi kisiwa kingine nako kunahitaji ruhusa ya maandishi, na bima nyingi husimama gari likiwa melini.

Unapokabidhiwa gari, piga video ukilizunguka polepole, kisha chuchumaa. Pitisha kiganja kwenye ubavu wa kila tairi, maana uvimbe au mkato huujua kwa mkono kabla ya jicho. Fungua buti, inua zulia: kuna tairi la akiba, jeki na spana, au ni chupa ya gundi na pampu tu? Gundi huziba tundu la msumari; ubavu uliochanika haiuzibi. Piga picha ya geji ya mafuta na kilomita.

Ugiriki wanaendesha upande wa kulia. Aliyezoea kushoto hakosei kwenye msongamano, kwa kuwa magari mengine humwongoza. Hukosea asubuhi, akitoka kituo cha mafuta au maegesho ya ufukweni na barabara ni tupu. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani. Kosa la pili halionekani haraka: ukikaa upande wa kushoto wa gari, unalisogeza kulia bila kujua, na hapo ndipo rimu na kioo cha kulia huliwa na kingo za mawe. Elekeza macho mbali, siyo kwenye boneti.

Kwenye kona za kubana za milimani, piga honi fupi kabla ya kona isiyoonekana, na ushuke kwa gia ya pili badala ya kukanyaga breki mfululizo; breki zikipata moto hupoteza nguvu. Mbuzi hupenda kusimama baada tu ya kona. Dereva akikuwashia taa kubwa, hakupishi: anasema anakuja yeye. Katika barabara kuu ya kaskazini ya Krete utaona magari yakiendea begani mwa barabara ili ya nyuma yapite. Usijilazimishe kufanya hivyo karibu na kona. Begani huweza kuwa na gari lililosimama au mtu wa baiskeli. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyokaa lamini miezi kadhaa hugeuka utelezi.

Upepo wa meltemi huvuma kiangazi, na huwa mkali hasa visiwa vya Cyclades. Egesha pua ya gari ikitazama upepo, na ufungue mlango kwa kuushika kwa mikono miwili. Ukiuachia, hupinda bawaba na kukunja bati la mbele.

Mwendo nje ya mji ni kilomita 90 kwa saa, ila pale kibao kinaposema vingine; mjini ni mdogo zaidi, hivyo fuata vibao. Kwenye mizunguko soma kibao ujue nani mwenye haki ya kupita, na usidhani kila mtu atakungoja. Kibao cha kukataza kuegesha chenye mstari mmoja wa wima kinahusu miezi ya namba witiri, mistari miwili ni ya namba shufwa. Mafuta huwekwa na mhudumu. Neno Αμόλυβδη (amolivdi) kwenye pampu ni petroli. Vituo vya vijijini huweza kufungwa jioni na Jumapili, kwa hiyo jaza geji ikifika nusu.

Mkigongana, pigeni 112, namba ya dharura, kama kuna majeruhi, pigeni picha kabla ya kusogeza magari, halafu mpigie kampuni palepale, maana ukichelewa bima huweza kukataa kulipa. Siku ya kurudisha, rudia video na picha ya geji, na uzitunze: faini ya barabarani huweza kukatwa kwenye kadi wiki kadhaa baadaye.