Kabla hujaenda Lisbon: karatasi, miguu na tumbo

Watu wengi wakisikia safari ya Ulaya wanawaza Paris na London tu, mimi ukiniuliza ntakuambia Lisbon, mji mkuu wa Ureno, maana mtu wa pwani akifika kule anakutana na maneno anayoyajua, meza wao wanasema mesa, bendera ni bandeira, kopo ni copo, yani unasoma vibao mtaani unaona kabisa hawa watu tulishawahi kuishi nao, wao ndo waliojenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Ila ni mji wa milima na una taratibu zake, kwa hiyo kuna mambo inabidi uyaweke sawa ukiwa bado nyumbani.

Tuanze na karatasi, hapa ndo wengi wanakwama. Ureno ipo Schengen, yani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi ya viza unaruhusiwa kuwasilisha kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho kabisa siku 15 kabla, ila usisubiri hizo 15 nakuomba, anza mapema. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen. Kingine, siku hizi mpakani wanakupiga picha na kuhakiki alama za vidole, na hiyo inafanyika nchi ya kwanza ya Schengen unayoingia, kwa hiyo kama unaunganisha ndege mahali kama Paris au Frankfurt acha muda wa kutosha kati ya ndege na ndege, foleni inaweza kukumaliza. Karatasi za hoteli, tiketi ya kurudi na bima ziprinti uweke kwenye begi la mkononi, usizitupie kwenye sanduku linaloenda chini.

Adapta ya umeme nunua Kariakoo kabisa, kule plagi ni za pini mbili za duara, chaja yako ya pini tatu haiingii.

Viatu. Jamani viatu. Njia za miguu za Lisbon zimepangwa vijiwe vidogo vidogo vyeupe, vingine vyeusi wamechora maua na mawimbi, ni vizuri mno kuviangalia, ila vimekanyagwa miaka na miaka hadi vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Siku yangu ya pili kilinyesha kimvua kidogo tu, nikawa nashuka mteremko wa Alfama, mtaa wa zamani wa mji huo, mkono mmoja umeshika ukuta wa nyumba za watu, soli za viatu vyangu zilikuwa laini na hazikushika kabisa. Beba raba zenye soli ya kushika, ulizozivaa zikakuzoea, usiende na mpya. Na kama unasafiri na mzazi mwenye shida ya magoti usimpangie kupanda kwa miguu hadi Castelo de São Jorge, ile ngome ya kale ya kilimani, chukueni teksi hadi juu, mshuke taratibu kwa miguu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya milima, panga mtaa mmoja kwa siku. Belém ipo mbali kidogo na katikati ya mji, ipe siku yake, nenda Mosteiro dos Jerónimos, monasteri ya zamani, asubuhi mapema, ndani kuna kaburi la Vasco da Gama, huyu huyu aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498, mimi nilisimama pale muda mrefu nikifikiria mambo yaliyoikuta Kilwa miaka michache baadae Wareno walipoivamia. Jumatatu wanafunga, na tiketi kata mtandaoni. Tramu (treni ndogo ya barabarani) namba 28 kila mtu anaitaka, kwa hiyo inajaa na vibaka wapo humo humo, simu isikae mfuko wa nyuma. Vile vibehewa vya kupanda mlima usivitegemee kwenye ratiba, kile cha Glória kilipata ajali mbaya Septemba 2025 watu 16 wakafariki, uliza kwanza kipi kinafanya kazi.

Sasa kula, hapa nataka unisikilize vizuri. Ukikaa tu mezani, hujaagiza kitu, mhudumu analeta mkate, zeituni, siagi, pengine na kijibini, anaweka mbele yako anaondoka. Mgeni anadhani ni ukarimu wa nyumba. Hiyo wanaita couvert na inalipiwa, mimi niliila yote nikisubiri samaki nikaja kuikuta kwenye risiti. Huibiwi, ndo desturi yao, hutaki sema tu "não, obrigado" (mwanamke anasema obrigada) wanaondoa bila kinyongo. Mchana tafuta mgahawa mdogo wa mtaani ulioandika prato do dia, chakula cha siku hiyo, bei inakuwa nafuu.

Kama hauli nguruwe ujiandae, maana anaingia sehemu usizotegemea, hata caldo verde, ile supu ya majani, huwa wanatupia kipande cha soseji juu. Uliza "tem porco?" kila mahali. Samaki ndo kimbilio letu, kuna pweza wa kuokwa na mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, kuna bacalhau, samaki wa chumvi aliyekaushwa, ukimuonja utamkumbuka ng'onda, na mwezi wa 6 ni sadini wa kuchoma kila kona, sikukuu yao ya Santo António mkesha wake ni tarehe 12. Chamuça ni sambusa yetu kabisa, iliwafikia kupitia Goa kule India na Msumbiji. Nyama ya halali tafuta upande wa Martim Moniz, na msikiti mkuu upo karibu na Praça de Espanha.

Hela: pesa toa kwenye mashine zilizoandikwa Multibanco, na ikikuuliza ikate kwa euro au kwa hela ya kwenu chagua euro. Weka pembeni pia kodi ya mgeni, euro 4 kwa kila mtu wa kuanzia miaka 13 kwa usiku mmoja, mara nyingi inalipwa pale mapokezi. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako.

Jioni moja iache bila ratiba, uvuke na kivuko kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, ni kama unaenda Kigamboni tu, dakika kama kumi, ule samaki ng'ambo ukiutazama mji. Mwezi wa 6 jua linazama saa tatu usiku, kwa hiyo usiufuate mwanga, angalia saa, na muda wa kivuko cha mwisho usome pale kituoni kabla hujavuka.