Somo: Tembea Nairobi kwa miguu, kutoka ukumbusho wa askari hadi Kariokor

Wengi wetu tumepita Kenyatta Avenue mara nyingi bila kusimama mbele ya wale watu watatu wa shaba. Ni ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wageni huanzia KICC, lile jengo refu la mikutano, juu kabisa, wauone mji wote. Mimi naomba tuanzie hapa chini, kwa watu wasio na majina. Babu mzaa bibi yangu alichukuliwa kuwa mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi, katika vita hivyo, hakurudi.

Hatua ya 1: Fika mapema, Jumamosi. Saa mbili asubuhi barabara haijajaa. Vaa viatu vya kutembelea, beba kitambulisho na maji.

Hatua ya 2: Soma maandishi yote. Usipige picha ukaondoka. Maneno yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, na yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Ndivyo ilivyokuwa: mahali pasipo reli, risasi, unga na hata mizinga vilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Ukumbusho unaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa zunguka jiwe lote ulitafute hata jina moja la mpagazi. Mimi hapo husimama kwa muda.

Hatua ya 3: Shuka Kimathi Street hadi inapokutana na Mama Ngina Street. Hapo ipo sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, bunduki na kisu mkononi. Sanamu ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge katika gereza la Kamiti. Huyu jina analo. Kaburi lake ndilo lisilojulikana.

Hatua ya 4: Vuka Moi Avenue. Sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri, inakungoja nje ya jengo la Nyaraka za Taifa. Aliuawa barabara hii hii, Jumamosi, 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kisha ingia Nyaraka. Chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais: vinyago, silaha, nguo, vyombo vya nyumbani vya jamii nyingi. Jipe saa nzima, usikimbizwe.

Hatua ya 5: Kariokor. Kwa mguu ni kama nusu saa kupitia River Road na Racecourse Road, au panda matatu. Jina lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa huku. Vinywa vya watu vikaligeuza likawa Kariokor, na Dar es Salaam wenzetu wakapata Kariakoo. Leo ni soko la vyondo, yaani vikapu vya kusuka, viatu vya ngozi na nyama choma. Kula hapo. Ukinunua kiondo, zungumza na mama anayekisuka kabla ya kutaja bei.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mwalimu, naweza kwenda Jumapili baada ya kanisa?*
Sanamu utaziona, dada, lakini Nyaraka hufungwa. Chagua Jumamosi, na uingie asubuhi.

*Simu yangu itakuwa salama?*
Piga picha ukiwa umesimama, mgongo ukutani, kisha irudishe mfukoni. Usitembee nayo mkononi, hasa River Road. Twende wawili wawili.

*Nina mtoto wa miaka tisa. Ataweza?*
Ataweza mpaka Nyaraka, mama. Kutoka hapo mpandishe matatu. Mwache asome yale maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Watoto huuliza maswali ambayo sisi tumeyazoea tukayaacha.

*Shikamoo mwalimu. Kwetu pia kuna mzee aliyepotea katika vita hivyo. Nitampata wapi?*
Marahaba, mwanangu. Anza nyumbani kabla ya Nyaraka. Waulize wazee jina la rika lake, kijiji alikochukuliwa, chifu wa wakati ule, na kama kuna mwenzake aliyerudi. Karatasi za serikali ya kikoloni zimepangwa kwa wilaya, kwa hiyo bila wilaya utazama. Ukiyapata hayo, nenda kwenye chumba cha kusomea, ujisajili, uombe ripoti za wilaya hiyo za miaka ya vita. Majina yaliandikwa ovyo, basi litafute kwa kila namna mzungu angeweza kulisikia. Babu yetu bado sijampata. Nimepata wilaya, na jina la mtu mmoja wa kijiji chake.